Jicho Lililomwona Reverien

Jua lilipoanza kuinamia upande wa Burundi, Reverien alikuja akasimama mlangoni.

Hakupiga hodi, maana mtu hapigi hodi kwake. Alisimama tu pale kwenye mwimo wa kulia, mrefu, mweupe kama moshi wa kuni mbichi, bega moja limeegemea mti, vile vile alivyozoea kusimama enzi za uhai wake. Maximilla, aliyekuwa amekaa mkekani ndani akisuka ungo, hakushtuka. Alisogeza chungu cha impeke, ile pombe ya mtama ya kwao, akachomeka mirija miwili. Mmoja wake, mmoja wa mume wake. Kisha akaendelea kusuka.

Reverien alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba hiyo hiyo, na mvua kadhaa zilikwisha kunyesha juu ya kaburi lake. Maximilla alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwani yeye ndiye aliyemfumba macho. Hakuwa amerukwa na akili. Alijua kwamba aliyekufa amekufa. Lakini alijua pia anachokiona, na anachokiona kilikuwa kimesimama mlangoni, kila alasiri isiyo na mawingu, mpaka jua lizame.

Vitu vingine vyote vilikuwa vimeshaanza kumkimbia. Jicho la kushoto lilikufa zamani, lilipochomwa na tete huko mtoni. La kulia likaota mtoto wa jicho. Mwanzo ilikuwa kama pumzi ya mtu kwenye kioo, baadaye kama maji yaliyosuuza kibuyu cha maziwa, mwisho ikawa maziwa yenyewe. Watu wa kijiji chake cha Murungu wakageuka kuwa sauti zinazotembea. Njia ya kisimani ikawa kitu cha kupapasa kwa unyayo. Kusuka tu ndiko hakukumwacha. Vidole vilishajifunza njia yao na havikuwa na haja ya kuulizana na jicho. Na kadiri dunia ilivyozidi kufifia, ndivyo Reverien alivyozidi kuonekana. Maximilla aliona ni malipo ya haki. Amenyang'anywa mengi, karudishiwa moja.

"Nyogokuru, nani alikuja leo?" aliuliza Ininahazwe jioni hiyo. Ininahazwe ni mjukuu wake, fundi cherehani, anayekaa naye na kushona sokoni Kibondo.

"Hakuja mtu."

"Mbona mirija miwili?"

"Mmoja ukiziba, navuta kwa mwingine."

"Unaziba kila siku?"

"Mtama wa siku hizi una makapi."

Ininahazwe alicheka, akanywa kidogo kwa ule mrija wa pili, na Maximilla akanyoosha mkono akauondoa mdomoni mwake taratibu, kama mtu anayemtoa kuku kwenye unga.

Habari ya madaktari wa macho ililetwa na Ininahazwe huyo huyo. Kuna hospitali moja nje ya mji wa Kasulu, alisema, wamekuja madaktari, wanatoa mtoto wa jicho na kuweka lenzi mpya, kioo kidogo kama gamba la samaki, na mtu anaona kesho yake. Maximilla akasema macho yake yanamtosha.

"Jicho, Nyogokuru. Unalo moja, na hilo moja juzi lilimsalimia mbuzi wa Mpawenimana."

"Alikuwa na adabu kuliko mwenye mbuzi."

Akabembelezwa na mjukuu, akabembelezwa na mchungaji, akabembelezwa hata na Mpawenimana mwenyewe, jirani mwenye mbuzi. Kila mmoja alijibiwa kwa utani, na hakuna aliyepewa sababu yenyewe. Angeisemaje? Kwamba anaogopa wakitoa yale maziwa watamtoa na Reverien? Kwamba akipewa mlango mtupu atakuwa amezika mara ya pili? Mambo kama hayo ukiyatoa kinywani yanaota mbawa, na kesho kijiji kizima kinakuja kukuombea.

Kilichombadilisha kilitoka mahali pasipotarajiwa. Mpawenimana alimsindikiza dada yake Kasulu, akarudi na maneno yamejaa mdomo.

"Wanalo jicho pale," alisema, akiwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa uani. "Jicho la marehemu, ndani ya kisanduku cheusi. Limetiwa maji lisikauke. Wanalielekeza kwa kitu, nalo linaona, na linachokiona kinatokea kwenye televisheni. Waliokuwa wamekaa kwenye benchi wote wanajua."

"Wewe uliliona?" aliuliza Ininahazwe.

"Mimi na jicho la maiti tutazamane, halafu nije kulala wapi?"

Ininahazwe alicheka mpaka akashika mbavu. Maximilla hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimesimama katikati ya mshono, jambo lisilokuwa la kawaida. Alikuwa akiwaza hivi: jicho la aliyekufa, likielekezwa mlangoni, haliwezi kukosa kumwona aliyekufa. Watu wa kundi moja wanajuana.

"Tutakwenda," alisema.

"Wapi?"

"Kasulu. Si ndiko unakotaka nipelekwe?"

Waliondoka alfajiri, ukungu umekaa mabondeni kama maji. Ininahazwe alimsimulia njia nzima: sasa tumepanda, vilele vya milima vimetokeza juu ya ukungu kama visiwa, sasa tunashuka, hatuoni kitu. Maximilla alikuwa akitabasamu. Kumbe asubuhi ya nyanda hizi nayo ina mtoto wa jicho, akawaza, na hakuna anayeipeleka hospitali.

Aliyewapokea kwenye chumba cha vipimo alikuwa binti wa hapo hapo mjini Kasulu, Zuhra, mtoto wa wenye duka la vitambaa. Maximilla alimjua kwa sauti yake laini, harufu ya udi, na mlio mdogo wa bangili kila aliposogeza mkono.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayelitunza?"

"Kulitunza nini, Bibi?"

"Jicho la marehemu."

Ininahazwe alikohoa. Zuhra hakucheka, na kwa hilo Maximilla akampenda papo hapo.

"Jicho lipo," alisema Zuhra, "ila si la marehemu. Halijawahi kuwa la mtu. Leta mkono."

Akaushika mkono wa yule mama mzee, akauweka juu ya kitu baridi. Vidole vilivyozoea matete vikakizunguka kile kitu vikikisoma. Kilikuwa kibomba kifupi cha chuma. Mbele kilikuwa na kioo kilichobinuka kama tone la umande kwenye jani. Nyuma palitoka waya.

"Hicho kioo cha mbele ni kama kile cha mbele ya jicho lako, unachokifunika ukipepesa," Zuhra alieleza. "Ndani mna maji, kwa sababu hata jicho lako lina maji. Katikati nimeacha nafasi, hapo ndipo ninapoweka lenzi. Nyuma, pale ambapo jicho lako hupokea picha, nimeweka kamera. Tumeletewa lenzi za aina mbili. Kabla daktari hajamwekea mtu, mimi naiweka humu kwanza, nione inaleta picha ya namna gani. Inaleta kingo safi, au inatia ukungu, au inatawanya mwanga. Mtu lenzi anakaa nayo maisha. Nguo tu watu hujaribu kabla ya kununua, seuze jicho."

"Na hapo mna picha ya nini sasa?" aliuliza Ininahazwe, maana yeye alikuwa ameshaona kwenye kioo cha kompyuta. "Mbona dirisha liko kichwa chini?"

"Samahani, nimesahau kuigeuza. Ndani ya jicho picha hukaa kichwa chini. Hata lako. Akili ndiyo inayoisimamisha."

Maximilla aliligeuzageuza hilo moyoni. Miaka yote ile, basi, Reverien alikuwa amesimama kwa kichwa ndani ya jicho lake, miguu juu kama popo, na hakuwahi kulalamika. Kama angemwambia, angejibu kwamba ndiyo maana kofia yake ilikuwa haikai.

"Mwanangu Zuhra," alisema, "jicho lako hili linaweza kutazama mlango?"

"Linaweza kutazama chochote. Kwa kawaida tunalionyesha herufi na mistari."

"Herufi nilizosoma zilikuwa chache, na zote nimezirudisha. Nataka litazame mlango. Alasiri, jua likiingia. Na nataka litazame likiwa na ugonjwa wangu."

Zuhra alifikiri. Alikuwa na kioo kimoja kilichotiwa ukungu, alisema, anachokitumia kuwaonyesha ndugu wa wagonjwa, ili wajue mzee wao haigizi anapojikwaa. Akakubali. Chumba kile kilikuwa na mlango unaotazama machweo. Wakasubiri, Maximilla akanywa chai na kula andazi, daktari akapita akampima, akasema kesho inawezekana kabisa. Maximilla akamjibu kwamba kesho bado haijafika.

Jua lilipoinama, Zuhra alifunga mapazia na kuuacha mlango wazi. Akauliza umbali.

"Kutoka nilipokaa mpaka mlangoni ni mikeka miwili na ungo mmoja," alisema Maximilla.

"Ungo wa kupetea au wa kuanikia?"

"Wa kupetea. Unadhani nakaa uwanjani?"

Zuhra akasogeza kile kibomba juu ya kigoda chake mpaka Maximilla aliporidhika, akatia kioo cha ukungu, akawasha. Maximilla akakaa pembeni ya jicho lile, bega kwa bega, kama wanawake wawili waliokwenda kumngoja mtu stendi. Wote wawili wakautazama mlango.

"Haya, mjukuu wangu. Niambie linaona nini."

"Naona weupe, Nyogokuru. Weupe tu. Mlango ni kama shuka iliyoanikwa."

"Upande wa kulia je?"

"Weupe."

"Tazama vizuri. Hapo kwenye mwimo. Hamna aliyesimama?"

"Hamna mtu."

Maximilla mwenyewe alikuwa anatazama kwa jicho lake, naye hakuona kitu. Mlango wa Kasulu ulikuwa umejaa maziwa matupu. Mikono yake ikatafuta kazi mapajani, ikaikosa.

"Bibi," aliuliza Zuhra polepole, "tunamtafuta nani?"

Ndipo akasema. Hakujua kwa nini ilikuwa rahisi zaidi gizani, mbele ya jicho lisilokuwa la mtu. Alisema habari za alasiri, za mwimo, za bega lililoegemea. Alisema kwamba Reverien alikuwa mchuuzi wa mawese. Alikuwa akishuka chini huko kunakolimwa michikichi, akapandisha madumu kwa baiskeli, na kwenye vilima vikali akilibeba dumu begani. Akirudi haingii ndani kwanza. Husimama mlangoni, ameegemea, anavuta mrija wake, anatazama nje na kumsimulia mambo ya njiani, yeye akiwa amekaa na kusuka. Alisema sasa anakuja hasemi kitu, na hilo si neno, kwani hata zamani hadithi nyingine zilikuwa za uongo. "Lakini mkinisafisha jicho," alimaliza, "sijui atasimama wapi."

Maximilla alimsikia Ininahazwe akivuta kamasi, akajua kwamba ile mirija miwili imeshaeleweka.

Halafu bangili ya Zuhra ikalia. Hatua zake zikaenda mlangoni, zikarudi, na sasa alipousogeza mkono haukutoa mlio wowote.

"Dada," alimwambia Ininahazwe, "tazama tena."

Kilichotoka kwa Ininahazwe hakikuwa neno. Ilikuwa pumzi iliyoingia ikasahau kutoka.

"Nyogokuru," alisema mwishowe. "Kuna mtu."

Maximilla aliinua jicho lake. Na pale, kwenye mlango wa watu, mbali na kaburi lake, mbali na chungu chake, Reverien alikuwa amesimama. Mrefu, mweupe, bega limeegemea mwimo. Alikuwa amewafuata hadi Kasulu. Maximilla alihisi moyo wake ukishuka na kukaa chini kama mgeni aliyechoka. Alitaka kumwambia karibu.

"Sasa naomba unisamehe, Bibi," alisema Zuhra. "Ni bangili yangu. Nimeitundika kwenye msumari. Jua limeipiga."

Akaenda akaitoa, na Reverien akaondoka. Akaitundika, Reverien akarudi. Akaitoa, akaondoka. Ilikuwa kama kumwona mtu akiitwa na kufukuzwa, na Maximilla akanyoosha kiganja kumwambia inatosha.

Nje mtu alikuwa akiswaga bata.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiiwekea bangili pombe," alisema Maximilla.

"Hapana," alisema Zuhra. Alikuja akachuchumaa mbele yake, sauti yake ikatokea chini, magotini. "Hapa ni bangili. Nyumbani kwako hakuna bangili. Nisikilize, Bibi. Mimi kazi yangu ni hii, kutazama mwanga unavyopita kwenye vioo. Ukungu haubuni kitu. Wenyewe unatandaza tu. Ulipoletewa mlango mtupu, ulitandaza utupu. Kitone kidogo kikiwaka, ukungu unakivuta juu na chini mpaka kinakuwa mtu. Lakini lazima kitone kiwepo. Kwenye mwimo wako kuna kitu kinachowaka. Ni nini?"

"Hakuna kitu. Hata msumari hakuna. Upo wa kofia, ila uko upande wa pili."

"Dada?"

"Mimi napita pale kila siku," alisema Ininahazwe. "Ni mti mtupu."

"Basi kuna kitu ambacho mwenye macho hakitazami na asiye na macho hawezi kukiona," alisema Zuhra. "Mimi siwezi kukuambia ni nini. Jicho langu hili haliwezi kusafiri hadi Murungu. La kwako linaweza."

Maximilla aliufikiria ungo wake. Mtu anayesuka anajua kwamba kila mstari unaoonekana juu una ubua uliojificha chini yake. Hakuna mstari unaoelea. Kama Reverien alikuwa mstari, basi ubua ulikuwepo. Na yeye, msusi, alikuwa akikaa na mstari miaka yote bila kuuliza ubua uko wapi.

"Nionyeshe hizo lenzi," alisema.

Zuhra alitoa kioo cha ukungu na kuweka ya kwanza. Hii, alisema, imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, ina pete ndogo ndogo ndani yake, inaleta mbali na karibu kwa pamoja, wengine hawahitaji miwani tena. Ininahazwe akatazama.

"Bangili naiona. Ila ina miduara ya mwanga kuizunguka, mmoja ndani ya mwingine. Kama... Nyogokuru, kama picha za watakatifu kanisani."

"Hiyo hapana. Reverien alikuwa mtu mzuri, lakini taji hakuwa nalo. Madumu mengine alikuwa akitia maji."

Zuhra alicheka kwa mara ya kwanza, akaweka ya pili. Ya kawaida hii, alisema, inaleta mbali tu. Kwa kusuka atampa miwani.

Ininahazwe akasogea karibu zaidi na kioo cha kompyuta.

"Semeni basi, mnanitisha."

"Ni bangili tu, Nyogokuru. Bangili iliyotundikwa. Naona nakshi zake. Naona mahali palipobonyea kidogo, kama iliwahi kuanguka."

"Ilianguka," alisema Zuhra. "Nilikuwa mtoto. Bibi yangu aliniambia hapo hapo kwamba nitaivaa hivyo hivyo, ikiwa na kosa langu."

"Hiyo," alisema Maximilla. "Niwekee inayoonyesha palipobonyea. Na miwani sitaki, vidole vyangu vinaona karibu."

Kesho yake daktari akamwekea.

Walipofungua bandeji asubuhi iliyofuata, kitu cha kwanza alichokiona ni uso wa mwanamke mtu mzima, amejiinamia juu yake, paji la uso pana kama la Reverien.

"Umezeeka," alimwambia.

"Nyogokuru, hata sijaolewa."

"Nilikuacha mtoto."

Halafu akaitazama mikono yake mwenyewe. Kwa karibu ilikuwa na ukungu kidogo, lakini akiinyoosha mbali aliiona: makunyanzi, mishipa, makovu ya matete. Akauliza ni ya nani. Njia nzima ya kurudi alikaa dirishani na miwani myeusi aliyopewa, akiona vilima vikija na kupita vikiwa na kingo zake, na kila mti ni mti mmoja. Alikuwa amesahau kwamba majani hutenganika.

Nyumbani hakukaa mkekani. Alikaa jikoni, kaupa mlango mgongo. Alasiri zikapita, yeye anachambua maharage ambayo hayakuwa na uchafu. Ininahazwe alimtia dawa za matone. Hata Mpawenimana alipokuja kuuliza kama jicho la marehemu lilimpepesea, alijibiwa na mjukuu kwamba lilimuulizia yeye kwa jina, akaondoka upesi kuliko alivyokuja.

Ikaja siku moja mvua ilinyesha mchana ikakatika, mbingu ikasafishwa. Maximilla alisikia mwanga kabla ya kuuona, kama mtu anavyosikia wageni njiani. Akanyanyuka. Akautandika mkeka pale pale pa siku zote. Akaleta chungu, akachomeka mirija, akavua miwani myeusi, akakaa.

Mlango ulikuwa mlango. Komeo, kizingiti, uani kuku aliyesimama kwa mguu mmoja. Mwimo wa kulia ulikuwa mti wa mninga, ule aliouchonga Reverien mwenyewe walipohamia, na hapakuwa na mtu aliyeuegemea. Maximilla aliutazama utupu ule. Ilikuwa kama siku ile, waombolezaji walipokwisha kuondoka, alipogundua kwamba nyumba ina mwangwi. Akasema moyoni, ndivyo basi. Nimepewa nilichokiogopa.

Lakini alikuwa msusi, na msusi hanyanyuki kabla ya mstari kufika mwisho. Akangoja.

Jua likashuka likaugusa mwimo. Lilipanda polepole juu ya mti, kwenye mbao za rangi ya udongo, zilizokwaruzwa, zisizong'aa. Likafika juu, kimo cha bega la mtu mrefu. Na hapo likawaka.

Kilikuwa kitone, si kikubwa kuliko kiganja. Maximilla akasimama, akaenda, mikeka miwili na ungo mmoja. Kwenye mti ule mkavu palikuwa na mahali pamelainika kama jiwe la mtoni, pamebonyea kidogo, peusi, pamekolea mafuta. Alipitisha kidole. Kiliteleza. Bega lililobeba madumu ya mawese kupanda vilima vya Kasulu na Kibondo, shati limelowa mafuta, likija kuegemea hapa, likiegemea hapa, likiegemea hapa, umri mzima, mpaka mti ukajifunza umbo lake. Alisogeza pua. Chini ya harufu ya vumbi palikuwa bado na mawese.

Hakulia kwa sauti. Aligeuka tu, akajiegemeza. Alikuwa mfupi kuliko mume wake, na palipokaa bega la Reverien pakakaa upande wa kichwa chake, pakamtosha kama mto wa kulalia.

Ndipo akaona. Miaka yote ile alikuwa akimtazama Reverien, hakuwahi kutazama Reverien alikuwa akitazama nini. Mbele yake mlima ulishuka, njia nyekundu ikiteremka imejikunja kati ya mihogo na migomba, ikapotea, ikaibuka ng'ambo ya bonde nyembamba kama uzi, ikapanda tena, mpaka huko mbali ambako vilima vilikuwa vya buluu na mpaka wa Burundi haukuonekana, kwa kuwa vilima havijui mpaka. Mtu mmoja mdogo sana alikuwa akisukuma baiskeli kwenye ule uzi. Jicho jipya lilimleta na gurudumu lake na dumu lake. Hakuwa mtu anayemjua. Akamtazama mpaka alipomaliza kilima.

Nyuma yake alisikia mtu akivuta pombe. Ininahazwe alikuwa amerudi kutoka sokoni, amechuchumaa kando ya chungu, ameshika mrija wa pili.

"Huo ni wa babu yako," alisema Maximilla, bila kugeuka.

"Amechelewa leo."

"Hajachelewa. Kunywa, ila umwachie."